Majani Yaliyojifanya Ulezi

Msimu wangu wa kwanza Msangano, mama mkwe alinifuata nyuma palizi nzima. Hakuwa akipalilia. Alikuwa akiinamia vilundo vya majani niliyong'oa, anavigeuza kwa ncha ya jembe, anachomoa mche mmoja, anautazama kuanzia mzizi mpaka jani, anautupa, anachomoa mwingine. Nikigeuka, naye ananyanyuka na kutazama upande wa barabara kana kwamba anasubiri gari.

Nilikuwa nimetoka milima ya Ileje, nimeolewa na mwanawe wa mwisho. Mume wangu alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo mpakani Tunduma, akija nyumbani mara chache, kwa hiyo shambani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Nilipokuja nilileta mfuko wa mbegu ya ulezi kutoka kwa wazazi wangu, ulezi mwekundu wa masuke mazito, zawadi yangu kwake. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema tutaupanda shamba la chini, lile ambalo ardhi yake ilikuwa imechoka. Ili kulisaidia, yeye mwenyewe alikwenda kuzungumza na wafugaji waliokuwa wamehamia njia ya Ivuna, wakamletea samadi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Aliisifia samadi ile wiki nzima.

Mvua ilipokubali, tulirusha mbegu kama wanavyorusha wenyeji, bila mistari. Shamba likaota kijani kizito hadi wapita njia wakawa wanasimama kutupongeza. Mimi nilifurahi mpaka nilipoinama.

Nimekulia kwenye ulezi. Nikiwa bado mdogo mama yangu aliniweka mbele yake shambani na kunifundisha kushika mche chini, pale unapogusana na udongo. Mche wa ulezi hushikika mnene kidogo, na jani lake ni pana, kijani cha kawaida. Sasa hapa kulikuwa na miche mingi iliyofanana nao kwa mbali, lakini ukiishika chini ilikuwa bapa, kama mtu ameibana kwa koleo, myeupe kwenye kitako, na ilikuwa inataka kulala pembeni badala ya kusimama. Kwetu tunaiita ulezi mwitu. Ni majani ya msimu mmoja tu, hayaachi mzizi wa mwaka wa pili, lakini yakiwahi kudondosha mbegu, shamba lako limekwisha kuwa lake.

Nilianza kuing'oa. Na hapo ndipo mama alipoanza kunifuata.

Siku moja alinisimamisha. Alikuwa ameshika mche mkononi, mizizi bado ina udongo.

"Hiki ni nini?"

"Ni jani, mama."

"Mimi naona ulezi."

"Ni kweli unafanana nao. Lakini hebu shika hapa chini. Ni bapa. Na huu hapa ni ulezi wenyewe, shika na huu."

Aliishika yote miwili, akaibinya kwa kidole gumba.

"Kwenu huko mnayatambua hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mnayafahamu vizuri sana."

Sauti yake haikuwa na ukali. Lakini sentensi ile niliizungusha kichwani hadi tunafika nyumbani. Tunayafahamu vizuri kwa sababu tunayo. Tunayo, kwa hiyo nimeyaleta. Hivyo ndivyo nilivyomsikia.

Nilipata uhakika kisimani. Jirani mmoja, mwanamke mcheshi ambaye siku zote alikuwa akinitania kwa lafudhi yangu ya Kindali, aliniuliza akiwa anapampu maji, "Eti ni kweli mbegu ya kwenu ndiyo imekuja na majani?" Wengine walinyamaza. Ukimya wa watu ambao wameshalizungumza jambo kabla hujafika unautambua tu. Nikajaza ndoo yangu nikaondoka.

Jioni hiyo nilikwenda stoo kuangalia mbegu iliyobaki. Nilikuwa nimeufunga mfuko kwa ukanda wa kitenge, fundo la kuvuta mara moja. Nikakuta fundo gumu, limezungushwa na kukazwa. Kuna mtu aliufungua. Nilimimina mbegu kwenye ungo, nikapekua kwa vidole nikitafuta zile punje nyembamba nyeusi za ulezi mwitu. Sikuona hata moja, lakini moyo haukutulia. Nikawaza: mtu anayetaka kunitia hatiani anaweza kutia punje kesho, au keshokutwa. Mfuko nikauhamishia chumbani kwangu, chini ya kitanda.

Nilimpigia mume wangu simu. Alinisikiliza huku nyuma yake honi za malori zikilia.

"Mama hawezi kufanya kitu kama hicho," alisema. "Labda umesahau tu ulivyofunga."

"Sijasahau."

"Haya, lakini usimwambie chochote mpaka nije."

Kwa nini nisimwambie? Nikaanza kumshuku hata yeye, kwamba mama yake alikuwa ameshamwambia na walikuwa wanasubiri kunikalisha kikao. Ni aibu kueleza jinsi nilivyoishi siku zile. Nilipika uji nikitazama kama mama atauonja kwanza au ataunusa. Alipozungumza Kinamwanga na wageni wake nilihesabu kila neno lililofanana na jina la kwetu. Naye, naamini, alikuwa ananipima vivyo hivyo, maana nikiingia jikoni alikuwa anaacha anachofanya.

Kilichonitoa hapo ni shamba lenyewe. Nilipanda juu ya kichuguu kilicho ukingoni ili nipumzike, nikatazama chini, nikaona kitu ambacho ukiwa umeinama hukioni. Ulezi mwitu haukuwa umetawanyika sawasawa kama mbegu iliyorushwa kwa mkono. Ulikuwa umekaa kwa madoa ya mviringo, mazito katikati, hafifu pembeni. Na kule mwisho wa shamba, karibu na mfereji, kulikuwa na kipande safi kabisa, ulezi mtupu. Kipande kile kilipandwa mbegu ileile yangu. Tofauti yake ilikuwa moja: samadi ilituishia kabla ya kufika pale. Na madoa yale ya mviringo yalikuwa pale mkokoteni ulipomwaga malundo kabla hatujayasambaza. Ng'ombe akila ulezi mwitu, mbegu zake hupita tumboni zikiwa nzima.

Hata hivyo nilijua nikisema kwa mdomo nitaonekana najitetea. Nilichukua udongo wa mfereji, nikaukaanga kwenye bati juu ya moto ili mbegu yoyote iliyomo ife, nikaujaza kwenye beseni lililotoboka na kwenye ndoo mbovu. Kwenye beseni nikapanda mbegu yangu. Kwenye ndoo nikachanganya samadi niliyokung'uta kwenye magunia tuliyosambazia, sikupanda kitu. Vyote nikavificha nyuma ya bafu la nyasi na kuvimwagilia maji ya kuogea.

Ndoo ndiyo ilitangulia kuota. Miche ilipofikia kushikika nikaishika. Bapa, myeupe kitakoni, yote. Kwenye beseni, ulezi mtupu.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwonyesha mama bila kumvunjia heshima, siku nilipokwenda nyuma ya jiko lake kuchukua majivu. Pale, palipozungushiwa matawi ya miiba ili kuku wasifike, palikuwa na tuta dogo. Juu yake ulezi umesimama kwa mstari, safi, mkubwa kuliko wangu wa kwenye beseni. Niliutambua wekundu wa mashina yake. Ilikuwa mbegu yangu.

"Umeona," mama akasema nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa ameshika sufuria, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Nilichukua kiganja kimoja kwenye mfuko wako. Nilitaka kujua."

"Na umejua?"

"Nimejua zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu ulezi huu haujafika hata kwenye goti."

"Mama, mbona hukusema? Kisimani wananiambia nimeleta majani!"

Aliweka sufuria chini. "Kama si mbegu yako, ni samadi. Na samadi niliileta mimi. Niliwaringia watu wote hapa. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema, mkwe wangu, kila siku nasema kesho."

Nilimpeleka nyuma ya bafu nikamwonyesha ndoo na beseni. Aliinama, akashika miche chini kama nilivyomwonyesha, mmoja baada ya mwingine. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa. "Kumbe na wewe ulikuwa unanipeleleza."

Sikucheka. Hasira yangu haikuisha siku hiyo, wala wiki hiyo. Lakini shamba halikuwa na muda wa kutusubiri. Ulezi mwitu hutangulia kutoa masuke, na yale ya kwanza yalikuwa yameshachungulia: vidole vyembamba vilivyotawanyika, tofauti kabisa na ngumi iliyokunjwa ya ulezi. Yakiiva, ukiyagusa tu yamedondosha. Tuliyang'oa yakiwa bado mabichi, tukayaweka kwenye magunia badala ya kuyaacha shambani, tukayachoma. Mama alikwenda kisimani mwenyewe. Sikuwepo, ila jirani yule mcheshi alinijia na kuniambia, "Mama mkwe wako amesema samadi ni yake."

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba. Msimu uliofuata shamba la chini tulilipanda karanga, ili kila nyasi ionekane na ing'olewe bila kubahatisha. Samadi tuliirundika na kuifunika, tukaigeuza hadi ikaiva kwa joto lake. Baada ya hapo tukarudisha ulezi, safari hii kwa mistari ya kamba, jambo ambalo mama alilipinga asubuhi nzima kabla ya kushika ncha ya pili ya kamba.

Ulezi mwitu bado unachomoza upande wa njia ya ng'ombe, na kila mwaka tunauwahi. Wafugaji wale wakipita, mama huwasalimia vizuri, huwauliza habari za malisho, halafu hukaa mlangoni akiwatazama mpaka wapotee.