Shahidi wa Dawa ya Chunusi

Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, siku sita za wiki, na uso wake haukuwahi kuota hata kipele kimoja tangu azaliwe. Huo ndio ukweli, uwekeni akilini. Ngozi laini aliirithi kwa mama yake bure, kama wengine wanavyorithi meno mabovu. Lakini kila Jumapili, sokoni, mbele ya kipaza sauti, watu walimwita Shahidi, na alichokuwa anashuhudia ni uongo wa mchana kweupe.

Dawa ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mwaka juzi shemeji aliuza sumu ya panya, mwaka jana akauza soli za viatu, mwaka huu eti amekuwa bingwa wa ngozi. Bingwa! Anaponda kitunguu saumu na shubiri, anakamulia malimau, anatia manjano hadi ndoo nzima inawaka, kisha anajaza kwenye vikopo vya mafuta ya mgando alivyookota na kuviosha nusunusu. Juu anabandika karatasi: Dawa ya Chunusi, Madoa na Mikosi. Mikosi nayo! Katoni za vikopo alizihifadhi chini ya kitanda cha Shahidi, maana chumbani kwake mwenyewe mkewe alishasema harufu ile haingii.

"Shemeji, kazi yako ni kukaa tu," alimwambia mwanzoni. "Uso wako utasema wenyewe."

Ungesema uso peke yake, pengine pasingeharibika kitu. Tatizo mdomo nao ulitaka zamu. Jumapili ya tatu Shahidi alishika kipaza sauti, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mwanamke huyu alikuwa amezikwa mzima kwenye mvuke wa pasi.

"Nilikigeuza kioo kikatazama ukuta!" alisema. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisalimia huku anaangalia dari!"

Loo! Marehemu wa watu, aliyempenda mkewe kama macho yake, anasingiziwa kaburini ili vikopo vitoke. Na vilitoka. Shahidi aliwatazama wanunuzi kwa dharau tupu: mabinti waliojiziba mashavu kwa viganja, na mwanamume mzima mwenye ndevu anayeuliza kama dawa inapakwa kwa kidole au kwa kijiti. Wajinga ndio waliwao, alijisemea. Hakujiuliza mtu anayekaukiwa koo juani kwa ajili ya ndoo ya shemeji anaitwaje.

Siku moja mama mmoja akarudi na kopo lake. "Nimepaka wiki mbili, mbona sioni kitu?"

Shemeji akababaika. Shahidi akanyakua kipaza sauti. "Dada, ulikaa juani?"

"Juani?"

"Aa, ndiyo maana! Ukishapaka unakaa juani nusu saa. Dawa inataka joto. Ikichoma usifute, hapo ndipo inafanya kazi."

Hayo aliyatoa wapi? Kwenye pasi! Nguo hainyooki bila joto, basi na uso vivyo hivyo. Akili ya kufulia nguo akaipeleka kwenye nyuso za watu, na wale watu wakaitikia kwa vichwa. Wiki iliyofuata jua lilishaandikwa kwenye karatasi ya kopo.

Sasa, Shahidi alikuwa na binti wa miaka kumi na mitano, na chunusi zilikuwa zimemjaa paji la uso na mashavu. Nyumbani alimwambia, "Nawa kwa maji na sabuni, usizitumbue. Zitaondoka zenyewe." Ushauri mzuri, lakini ulisemwa bila kipaza sauti, nani ausikilize? Binti alipoomba kopo, akajibiwa, "Hiyo si ya kwako." Akaelewa alivyoelewa: mama anaponya watoto wa wenzake, wake anamnyima.

Alhamisi Shahidi alirudi kutoka kazini mapema, saa nane mchana, akamkuta binti uani ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uso ameuinua juu, macho ameyafumba, njano tupu toka kwenye nywele hadi kidevuni. Machozi yanamtiririka, naye hafuti.

"Toka hapo!"

"Bado dakika kumi, mama."

Alimburuta hadi bombani. Manjano yalipotoka, ngozi ilibaki nyekundu na mbichi, shavu la kushoto limetoa malengelenge na jicho limeanza kuvimba. Kwenye zahanati daktari alisema vidonda vitakauka, ila madoa meusi yatakaa miezi mingi, na huenda mengine yasiondoke kabisa.

"Nani alikuambia upake limau ukae juani?" daktari aliuliza.

Binti alinyamaza kwa adabu. Shahidi naye alinyamaza, bila adabu yoyote.

Walipofika nyumbani, binti akauliza taratibu, "Labda nilikosea siku. Wewe ulikaa juani siku ngapi?"

"Mwanangu, mimi sijawahi kuwa na chunusi."

"Unasema hivyo ili nisipake tena."

"Haki ya Mungu! Nilitunga. Kioo, dari, jua, vyote nilitunga mimi. Muulize baba yako mdogo!"

Binti alimtazama kwa lile jicho lililokuwa bado linafunguka. "Mama, nilikuja sokoni. Nilisimama nyuma ya watu. Uliposema baba alikuwa hakuangalii, ulilia. Mtu hawezi kulia vile kwa uongo."

Shahidi akafungua mdomo, mdomo ule ambao haujawahi kukosa neno. Safari hii yakaja machozi, akalia kwa sauti.

Binti akasogea, akamkumbatia kwa uangalifu asije akagusa shavu lake bichi.

"Basi, mama, usilie," akambembeleza. "Wewe si ulishapona?"