Nilichagua software mbaya kwa makusudi: ghala la spea Buyenzi, wakati wa vita

Wakuu, heshima kwenu wote.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza humu ni software ipi inafaa kusimamia ghala la biashara ya kati, yaani si duka la mtaani na si kampuni kubwa. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili. Mistari ikagoma kuisha, nikaona nifungue uzi kabisa.

Haya yalinitokea mwenyewe. Sehemu nilizofanya ujinga sijazipaka rangi, mtaziona tu.

Ilikuwa Bujumbura, miaka ya mwishomwisho ya vita. Nilikuwa nimeoa karibuni, nimesoma kompyuta kidogo, na nilijiona nimesoma sana. Enzi hizo ukijua Excel mjini pale unaitwa injinia, usicheze.

Nikapata kazi kwa Hadji Salumu, mfanyabiashara wa spea za malori Buyenzi. Kwa msioijua, Buyenzi ni mtaa wa magereji na misikiti, na Kiswahili ndiyo lugha ya pale. Hadji alikuwa na wafanyakazi kama ishirini na depo moja kubwa nyuma ya duka.

Wiki ya kwanza akaniita ofisini.

"We umesoma. Unitafutie programme ya stock. Uchague mwenyewe, mi sitakuingilia. Lakini fanya vite, haraka, Rajabu iko anagonjwa."

Huyo Rajabu ndiye alikuwa mtunza depo. Mzee mwembamba, kofia ya kufuma, penseli sikioni ambayo sikuwahi kumwona akiitumia. Ukimuuliza filta ya lori fulani anakujibu zipo ngapi kabla hujamaliza swali. Sasa sukari ilikuwa imeanza kumla mguu, na Hadji aliogopa kwamba siku mzee akiondoka, mali nayo itapotea.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Nusu ya mali haikuwa depo.

Mwanzoni mwa vita depo iliwahi kuvunjwa na kusombwa yote. Tangu hapo Mzee Rajabu alikuwa anapeleka vitu vya thamani kwenye nyumba za watu anaowaamini. Beringi chini ya kitanda cha mjane fulani, brake nyuma ya magunia ya maharage kwa mwingine. Hakuna risiti, hakuna daftari. Wanaita amana. Mwenye nyumba akishasema "nimepokea," imetosha.

Wakuu, mimi hiyo "imetosha" niliiona ushamba mtupu.

Haya, software sasa.

Nilipata mbili za kulinganisha.

Ya kwanza ilikuwa ya wakala mmoja aliyekaa Kinindo, kule kwenye majumba ya kifahari karibu na ziwa. Alinifanyia demo kwenye laptop, kiyoyozi kinapuliza, kahawa mezani. Rangi nzuri, grafu, ripoti za kila aina. Kila kitu kilikuwa na sehemu ya kujaza mahali kilipo, na usipoijaza inagoma kusave. Ukimaliza, inakuchorea ramani ya ghala lako zima. Nilitoka pale natembea kama waziri.

Ya pili iliandikwa na mwalimu wa hesabu wa shule moja ya mjini. Maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi. Ripoti moja tu. Kulikuwa na sehemu ya mahali pia, lakini ukiiacha wazi haikuulizi kitu. Nilimwambia mwalimu hilo ni kosa. Akacheka, akasema watu wa huku wengi wanapenda kuiacha.

Sikumwelewa, na wala sikujisumbua kumwelewa.

Nikachukua ile ya Kinindo kwa majaribio ya mwezi mmoja. Nikamwomba Mzee Rajabu anizungushe kwenye nyumba zote. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu Hadji mwenyewe akamwomba, ikabidi.

Tulitembea siku mbili, yeye na mguu wake, mimi na daftari. Nyumba kumi na moja. Kila nyumba tulikaribishwa chai, na kila nyumba niliandika jina la mwenyewe, avenue, namba, chumba, na kilichomo. Akina mama walikuwa wananitazama mkono unavyoandika. Nilidhani wanashangaa mwandiko.

Nikaingiza yote kwenye kompyuta. Nikaprinti ramani, karatasi nne nilizounganisha kwa gundi.

Halafu nikaibandika ukutani, ofisini, pale wateja wanaposimama.

Mtu aliyewahi kuishi Buja miaka ile ameshaweka mkono kichwani. Wengine niwaeleze. Miaka ile neno "liste," yaani orodha, lilitosha kumfanya mtu ahame nyumba. Watu waliogopa karatasi yenye majina na nyumba kuliko walivyoogopa bunduki, maana bunduki haikujui unapolala. Hata kama karatasi ni ya vitu tu, mwenye silaha akiipata amepata mlango wa kugonga. Mimi nililijua hilo kama kila mtu. Lakini nilipokuwa mbele ya kompyuta, nakiri, halikunijia kabisa.

Mzee Rajabu aliingia asubuhi, akaiona. Hakupiga kelele. Aliibandua taratibu, kona moja baada ya nyingine, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. Akakaa.

"Nani ameisoma?"

Nikasema wateja wawili watatu, hawakuisoma kwa makini.

"Mu machine iko ndani pia?"

"Ndiyo, mzee."

"Toa."

Nikamweleza kwamba haitoki, software inakataa kusave bila mahali. Nikamwambia pia jambo ambalo lilikuwa linanikera kwa kweli: "Mzee, na wewe ukiondoka? Nani atajua vitu vya Hadji viko wapi?"

Akaunyosha mguu wake mbovu.

"Wenye kupokea wanajua."

"Na wakinyamaza?"

"Mwanangu, hawa mama wanalala juu ya hii mali miaka sasa. Mutoto akilia njaa, wanalala juu yake. Hawajauza hata boulon, hata bolti moja. We unataka karatasi iwalinde? Karatasi itawauza."

Nilikuwa na hasira tu, ile hasira ya mtu anayejua amekosea mbele ya mtu asiyemkaripia.

Hadji aliposikia alikuna ndevu muda mrefu. Alitaka mali yake iandikwe, na aliogopa kilekile Rajabu alichoogopa. Mwisho akanigeukia: "Nilisema utachagua we. Chagua."

Nikachagua ya mwalimu. Niliichagua nimenuna, wakuu, nisiwadanganye. Nikaifuta ile ya Kinindo yote, na ramani, pamoja na kurasa za daftari langu, Mzee Rajabu akaichoma kwenye jiko la mkaa la muuza chai huku akiigeuza kwa kijiti mpaka ikaisha. Kwenye programu mpya niliandika kitu na idadi yake tu. Sehemu ya mahali, wazi kuanzia juu mpaka chini.

Wiki ileile mzee alihamisha kila kitu kwenye nyumba nyingine. Safari hii hakunichukua, wala hakuniambia wapi. Iliniuma. Nilistahili, lakini iliniuma.

Miezi kadhaa baadaye, siku moja ya mapigano watu walipokuwa wamejifungia majumbani, wezi walivunja ofisi wakabeba kompyuta. Disketi yenye nakala nilikuwa nayo nyumbani, kwa hiyo Hadji aliponunua kompyuta nyingine data ilikuwa palepale. Lakini wiki ile nzima sikula vizuri, nikiwaza kwamba mjuzi angeweza kuyafufua majina niliyoyafuta mle ndani. Kila asubuhi nilisikiliza kama kuna nyumba ya mama fulani imeingiliwa.

Hakuna iliyoingiliwa. Siku ya nane nilimwendea Mzee Rajabu kumwomba msamaha, nikashindwa kuanza. Akaniambia tu, "Kunywa chai." Nikanywa.

Alifariki karibu na mwisho wa vita. Mguu ulikatwa, akakaa mwezi, akaondoka.

Tulimzika alasiri. Jioni Hadji aliniita kando ya msiba, akaniuliza kompyuta inasema nini. Nikamwambia: kila kitu kipo, idadi hii na hii. Wapi? Sijui. Hakunilaumu. Alisema "Allah anajua," akarudi kukaa na watu. Nilijiona nimemfilisi mtu kwa mkono wangu.

Siku ya tatu, asubuhi, mama mmoja alisimama mlangoni pa depo na boksi kichwani, limefunikwa kitenge.

"Mi nilikuwa na amana ya Mzee. Sasa nani anapokea?"

Hadji akanigeukia. Nikasema ni mimi.

Wakaendelea kuja. Mmoja na mkokoteni, mwingine na ndoo ya beringi zilizofungwa kwenye nailoni na kupakwa mafuta zisishike kutu. Wengine sikuwahi kuwaona. Mimi nilikaa kwenye kompyuta natiki. Mpaka siku ya saba kila kitu kilikuwa kimerudi isipokuwa kimoja: pampu ya dizeli ya lori, mpya, kitu ghali kuliko vyote kwenye depo ile.

Hadji akasema basi, tumshukuru Mungu kwa hivi. Kimoyomoyo nilisema, si niliwaambia.

Siku ya kumi na mbili akaja mama mtu mzima, miguu ina vumbi, rozari shingoni. Mgongoni amebeba kitu kwa kitenge kama mtoto. Akaomba maji kwanza. Alipofungua kitenge, ilikuwa pampu.

Akaomba radhi kwa kuchelewa. Mtaa wao ulikuwa umepigwa mabomu, wakakimbilia kwenye kambi nje ya mji, na habari ya msiba ilimfikia juzi yake.

Hadji akamuuliza, "Na vitu vyako, mama?"

"Viliungua na nyumba. Nilikuwa na mikono miwili tu, mukono moja mujukuu, mukono moja hii."

Hadji Salumu alikaa chini sakafuni, na kanzu yake nyeupe.

Mimi sikujua nifanye nini, nikafanya nilichozoea. Nikageukia kompyuta, nikamuuliza, "Mama, jina lako nani, niandike?"

Akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Ah. Kumbe ndiyo we. Mzee alituambia: pale kuna mutu wa machine, mutu muzuri, lakini musimupe majina."

Nikatoa vidole kwenye keyboard. Nikaandika pampu moja, imerudi. Kwingine kote nikaacha wazi.

Hadji alimjengea nyumba yule mama baadaye, ya matofali. Jina lake silijui mpaka leo.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, software utapata, siku hizi ziko nyingi na nzuri. Ila kabla hujaangalia demo, zunguka kwanza na mtu anayelitunza ghala lako. Muulize kipi hataki kiandikwe, halafu unyamaze umsikilize. Mimi sikumsikiliza, na bado yeye aliniita mtu mzuri.

Wenye ghala, wenye IT, na mliokuwa Buja miaka ile, karibuni mseme. Nilipokosea nirekebisheni, nimeshazoea.