Namba Saba katika Shamba la Ulezi

Ulezi ulipoanza kukomaa, darasa la Tabita lilibaki na mabenchi matupu. Kila mwaka ilikuwa hivyo huku Mbozi: watoto wote shambani, kuamia ndege wasile nafaka. Mwaka ule wa 1949 Tabita, mjane aliyefundisha katika kanisa la kijiji, alimwendea Mzee Fanueli, mzee wa kanisa mwenye shamba kubwa kuliko yote. Akamwomba amruhusu kuhamishia darasa hukohuko shambani. Fanueli alikubali, ila akamwonya kwamba ndege wakila ulezi wake, darasa litafungwa.

Basi Tabita akabuni mchezo. Shamba aliligawa vipande kumi na viwili, kila kipande na mtoto wake, kila mtoto na namba yake. Yeye alipanda juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba. Akiona ndege wametua kwa namba tatu, anaita, "Nane toa tano!" Namba tatu anatimua mbio huku akigonga debe. Asiyeitwa haruhusiwi kusogea. Kwa majuma mawili watoto walikimbia, wakacheka, wakataniana, na hata waliokuwa wakihesabu kwa vidole wakaacha vidole.

Siku Fanueli aliporudi kutoka Ivuna, alikokwenda kuchukua chumvi, ndege walitua kipande cha saba, cha Nesta.

"Kumi na mbili toa tano!"

Nesta hakusogea. Hezron, namba nane, alishainua mguu aende kumsaidia, lakini Tabita akamnyooshea mkono abaki palepale. Alitaka sana mtoto yule aipate mwenyewe. Akaita tena, polepole. Kundi la pili likatua, kisha la tatu, na shamba zima la watoto likasimama kimya likitazama ulezi unaliwa.

Fanueli alikuwa njiani, mzigo wa chumvi begani. Aliona yote.

"Mwalimu," alisema, bila kupaza sauti, "nilikupa shamba watoto walilinde. Wewe umewafundisha kusimama."

Tabita akashuka kutoka juu ya dungu. Darasa likafungwa siku ileile.

Kesho yake alfajiri, umande ukiwa bado mzito, alikwenda peke yake na debe kulinda kile kipande kilicholiwa. Alimkuta Nesta ameshafika, kajifunika kanga ya mama yake.

"Ilikuwa saba, Mwalimu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hata jana nilijua. Niliogopa nikikimbia nikakosea, watanicheka."

Tabita aliketi kwenye tuta. Kumbe kosa halikuwa la hesabu, wala la mtoto. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba asiyeitwa asisogee, hivyo asiye na hakika akabaki amesimama.

Akapanda dungu. Ndege walipotua, kipande chochote kile, akaita hesabu, na Nesta akakimbia. Akakosea mara mbili, akageuka njiani, na ndege wakaruka vilevile kwa makelele yake. Jua lilipopanda, Hezron alikuja, kisha wengine, mmoja mmoja, bila kuitwa.

Fanueli alitoka nyumbani, akasimama pembeni mwa shamba, akisikiliza namba zinaitwa. Hakuwafukuza. Mwishowe aliokota debe lililokuwa limelala kwenye kipande cha tisa, kwa kuwa mtoto wa namba hiyo alikuwa hajafika, akabaki nalo mkononi.

"Mimi sijasoma," alimwambia Tabita. "Ukiniita, niite taratibu."

Tabita alifundisha miaka mingine kumi na mmoja. Mchezo ulibaki uleule, isipokuwa sheria moja: mwenye shaka akimbie kwanza, atasahihishwa akiwa njiani.