Tulivyokwenda Dar Kupima Bei ya Gari la Gervas

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu mdogo wangu Gervas alitaka kuuza lori la Fuso aliloliacha marehemu baba ili anunue gari la michezo. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ananitania. Gari jipya kabisa, milango miwili, viti viwili, limelala chini kiasi kwamba kuku wa kwetu Mjimwema, Songea, angepita chini yake kwa kuinama. Alituonyesha picha kwenye simu sebuleni kwa Mama, akiitelezesha kwa kidole kama anayeonyesha picha za mchumba.

Gervas ananunua mahindi vijijini na kuyauza mjini. Fuso ndilo linalomlisha yeye na mkewe, na ndilo linalomlisha Mama, kwa kuwa kadi yake ya umiliki ina majina mawili, la Mama na la Gervas, na kila safari Mama hupata fungu lake. Fuso likiuzwa, Mama anabaki na jembe. Gervas alisema tusiwe na wasiwasi, gari hilo atalikodisha kwa maharusi. Maharusi gani hao wa Songea wa kila wiki, sikuelezwa.

Nilifoka. Mama hakufoka. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa stoo, ambako kuna gunia la mahindi ya chakula Gervas alilomletea kutoka kijiji cha Lusewa mwanzo wa msimu, akasema, "Mimi magari siyajui. Huyu Yustina dada yake ndiye mwalimu wa udereva. Aende na mlongo wake akalione. Akisema bei yake ni ya haki ukililinganisha na wenzake, naweka dole kwenye karatasi ya kuuza Fuso. Akisema si ya haki, Fuso halitoki uani."

Gervas akacheka kwa furaha, maana alikuwa ameshalinganisha bei mtandaoni. Na mimi nikajikuta nimebebeshwa kazi ya hakimu ambayo sikuiomba.

Tuliondoka Mjimwema alfajiri, baridi ya mwezi wa saba ikituuma mikono. Tulipanga kupita Lusewa kupakia mahindi, kisha kushika njia ya Tunduru na Masasi, ili safari ijilipe yenyewe. Mpaka Namtumbo niliendesha mimi. Gervas alikaa pembeni akinieleza nguvu za injini ya gari lake, na jinsi linavyofika mwendo wa kutisha kabla hujamaliza kusema jina lako. Nikamuuliza mwendo huo ataufikia wapi, kwenye matuta ya Msamala? Akasema mimi siku zote nimezoea kukatisha watu tamaa.

Lusewa tulifika jua likiwa limeshapanda. Wakulima walikuwa wametusubiri na mahindi yao kwenye turubai. Nilimwamkia mama mmoja mtu mzima, Mama Atanasia, ambaye baba alikuwa akinunua kwake tangu mimi ni mtoto. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kumsaidia mdogo wako kutunyonya?" Alisema huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Nilielewa punde. Vijana wa Gervas walijaza gunia mpaka mdomoni, wakalishindilia kwa magoti, kisha wakashonea juu yake kipande cha gunia lingine na kukijaza nacho, mpaka gunia likaota nundu kama ng'ombe. Hiyo ndiyo lumbesa, nani asiyeijua mkoani kwetu. Imekatazwa, inahubiriwa hata kanisani, na bado ipo. Bei inalipwa ya gunia moja. Nundu inakwenda bure.

"Gervas," Mama Atanasia akasema, "hiyo ya juu ni ya nini?"

"Mama yangu, ndiyo gunia lenyewe hilo."

"Gunia limeishia pale chini. Nakuuliza hii ya juu."

Gervas akamwekea mkono begani kwa upole. "Mama, wanunuzi wote wanapima hivi. Nenda Namtumbo, nenda Mbinga, ulinganishe. Mimi siwazidi wenzangu hata punje."

Mama Atanasia akamtazama, akalitazama lori letu tupu, na jua, na njia ndefu ya kutafuta mnunuzi mwingine ambaye angemjibu vilevile. Akatikisa mkono kuwaambia vijana waendelee kushona. Nilimvuta Gervas nyuma ya Fuso nikamwambia aache aibu hiyo mbele yangu. Alinijibu kwamba mimi nifundishe watu kurudi nyuma na kuegesha, biashara nimwachie yeye. Tulipanda lori tukiwa tumenuniana.

Tulishika njia ya Tunduru mpaka Masasi. Barabara ni nzuri siku hizi, lami tupu, mikorosho pande zote mbili, na mwenye moyo mtulivu angeifurahia. Mimi nilikuwa nachemka. Masasi tulikula wali na kuku mgumu, tukalala. Kesho yake tukapita Lindi, Nangurukuru, tukavuka Rufiji, na jioni tukaingia Mbagala katika foleni ambayo gari la michezo lingeisubiri kama sisi, tena kwa kutazama matairi ya malori usawa wa macho.

Asubuhi iliyofuata tulishusha mahindi sokoni Tandale. Pale hakuna aliyehesabu magunia. Kila gunia liliwekwa kwenye mzani na kulipwa kwa kilo, nundu na vyote. Nilisimama nikiangalia mshale wa mzani unavyopanda. Lusewa nundu haikuwa na bei, Tandale ilikuwa na bei kamili. Nilipogeuka nimwambie Gervas, alikuwa ameshakwenda kuoga na kuvaa shati jeupe kwa ajili ya gari.

Duka la magari mapya liko barabara ya kwenda uwanja wa ndege, vioo kutoka juu hadi chini, ndani ubaridi kama wa Songea alfajiri. Kijana aliyetupokea, Faridi, alivaa suti iliyombana na alikuwa na adabu nyingi. Gari lenyewe lilikuwa katikati ya ukumbi, jekundu. Nitasema ukweli, maana nilitumwa kusema ukweli: ni gari zuri. Nilipewa kuliendesha kidogo na Faridi pembeni yangu, na usukani ulinisikiliza kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Nilishuka nikiwa natabasamu, jambo ambalo Gervas aliliona na kuliweka akiba.

Kisha Faridi akatuketisha. Kwenye kioo cha kompyuta yake akatuwekea magari matatu, la kwao na wapinzani wawili, la Kijapani na la Kijerumani. Bei ya la kwao ilikuwa chini ya zote. Tofauti yake na la Kijapani ilitosha kununua bajaji mbili mpya. Gervas akanigeukia. "Dada, umeona kwa macho yako. Sema."

"Subiri kwanza," nikasema. "Kaka Faridi, bei hii ni ya gari nililoendesha?"

Faridi akakohoa. "Ni bei ya kuanzia, dada."

"Kuanzia wapi?"

Basi tukaanza kuzunguka lile gari jekundu, mimi nauliza, Faridi anajibu. Bawa la nyuma linalopendezesha picha zote? La kulipia. Viti vile vya ngozi vinavyokushika mbavu? Vya kulipia. Breki kubwa, zile zilizonifanya nitabasamu? Za kulipia, na ndizo zinazoliwezesha gari kusimama! Rangi nyekundu? Nyeupe ndiyo ya bure, nyekundu ni ya kulipia. Nikaomba kuona tairi la akiba. Faridi akafungua buti na kunionyesha chupa ya dawa ya kuziba pancha. Nikamuuliza kama amewahi kupata pancha kati ya Tunduru na Namtumbo akiwa na chupa. Akasema hajawahi kufika huko. Usajili ulikuwa kando. Matengenezo ya kwanza yalikuwa kando.

Alipojumlisha kwa mkono wake mwenyewe, bajaji zetu mbili zilikuwa zimeyeyuka na lori dogo limeongezeka juu yake.

Gervas hakukubali. Alisema twende kwa wapinzani, tukanunue la Kijapani, watu waaminifu. Tukaenda, barabara ileile, mwendo mfupi. Dada wa pale naye alikuwa na adabu nyingi na bei ya kuanzia. Breki kando, viti kando, chupa ya dawa ndani ya buti. Wa Kijerumani nao vilevile, ila wao walitupa kahawa. Ukijumlisha kila kitu, magari yote matatu yalilingana karibu kabisa.

Tukarudi kwa Faridi. Gervas alikuwa amelowa jasho kwenye lile shati jeupe. "Mnatuonyesha bei ya mfupa," akamfokea, "halafu nyama mnaiuza pembeni! Kwa nini hamsemi bei ya gari zima?"

Faridi hakukasirika. Pengine husikia hayo kila siku. "Bosi, soko lote liko hivi. Umelinganisha mwenyewe. Sisi hatuwazidi wenzetu hata shilingi."

"Kwa hiyo mkiiba wote," Gervas akapiga meza, wateja wakageuka, "ndiyo inakuwa haki? Eti kwa sababu jirani naye anaiba?"

Nilimtazama mdogo wangu usoni. Nilisubiri ayasikie maneno yake mwenyewe. Nilisubiri kwa dhati, maana nampenda, na nilifikiri hakuna binadamu anayeweza kutamka maneno yale, siku ileile tuliyotoka Tandale, asishtuke. Hakushtuka. Alitoka nje akibamiza mlango wa kioo, nao ukajifunga taratibu, kwa adabu, kama kila kitu mle ndani.

Safari ya kurudi ilikuwa ya makelele, yote ya Gervas. Mpaka Kilwa aliwalaani wauza magari, lakini kufika Masasi hasira zilikuwa zimepoa na gari jekundu likaanza kurudi kichwani mwake. Alipofika Tunduru alikuwa ameshapata hoja. "Dada, Mama aliuliza nini? Aliuliza kama bei ni ya haki ukilinganisha na wenzake. Sasa wote si wako sawa? Utasema uongo?"

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko wakati wowote katika safari hii, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Swali la Mama, kama lilivyoulizwa, jibu lake lilikuwa ndiyo. Niliendesha kutoka Tunduru mpaka Songea nikitafuta namna ya kusema ukweli ambao hautampa Fuso la mama yangu.

Mjimwema tulifika saa za chai. Mama alitukaribisha, akatumiminia, akangoja tunywe huku nikimsimulia Gervas alivyowafokea wauza magari. Kisha akaniuliza, "Haya. Bei ni ya haki?"

"Mama, inalingana na ya wenzake," nikasema. Gervas akaweka kikombe chini, uso umemng'aa. "Inalingana na ya wenzake kama gunia la Gervas linavyolingana na la wanunuzi wengine wa Lusewa."

Mama amelima mahindi maisha yake yote. Hakuniuliza maana yake. Aliinuka, akaenda stoo na kisu cha jikoni, akamwita Gervas asogeze lile gunia lake la chakula uani. Lilikuwa bado halijafunguliwa, nundu yake juu. Mama akakata uzi pale gunia halisi linapoishia, akaniambia nilete beseni lile kubwa la kufulia. Gervas akaambiwa amimine ya juu tu. Alimimina. Beseni likajaa, mahindi mengine yakamwagika chini, kuku wakaja mbio.

"Hili beseni ni la nani?" Mama akauliza.

Gervas akafukuza kuku. Mikono yake ilikuwa imejaa vumbi la mahindi.

"Umekwenda mpaka Dar ukapiga kelele kwamba umeibiwa, na hata hukununua kitu. Mwenye beseni hili kelele zake kazipiga wapi?"

Nilichojifunza ni hiki, nami nakiandika kwa hasira ileile niliyorudi nayo: anayekuambia bei yake inalingana na ya wenzake hajakuambia kama ni ya haki. Amekuambia tu kwamba wako wengi.

Gari jekundu halikununuliwa. Kadi ya Fuso iko chini ya godoro la Mama. Juma lililofuata Gervas alipowasha lori kwenda Lusewa, Mama alitoka na lile beseni limefunikwa kanga, akalipandisha yeye mwenyewe kwenye kiti cha abiria, akalifungia mlango.

"Lipeleke kwa Mama Atanasia," akasema. "Halafu umuulize yeye kama nikutilie dole."