Jicho la Dada Zuhura

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata ninapotaka kuisahau. Nilikuwa nimerudi Dar kutoka Tunduma, na kabla ya Tunduma nilikuwa Mwanza. Miguu yangu haijui kutulia. Nikashuka Kariakoo, nikanunua khanga na machungwa, nikapenya kwenye mikokoteni hadi kwetu, nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa.

Mama alikuwa mwaka wa saba kitandani kwa kiharusi. Aliyemuuguza ni dada yangu Zuhura, kifungua mimba wetu, naye alishavuka sitini. Mimi ni kitinda mimba. Dada aliiacha meza yake ya vitambaa sokoni, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Mama aliposikia sauti yangu akasema, "Kaja anayenijali." Dada alikuwa palepale, beseni mapajani. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipona nini?

Siku hiyo alinivuta uani. Alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilishakufa, na daktari alimwonya kwamba la pili lisipopasuliwa haraka litalifuata.

"Siku kumi tu, mdogo wangu. Nipasuliwe, nipumzike kwa binti yangu Magomeni, nirudi."

"Kumi? Nitakaa hata mwezi!"

Kesho yake Mama akajichafua. Nikasimama mlangoni kama askari. "Mimi mwanamume, dada. Nitamvuaje mama yangu nguo? Hiyo si adabu."

Bi Tatu, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mtu mzima kuliko dada, akacheka kwa dharau. "Makubwa! Nani kakwambia umvue? Kuosha ntaosha mie. Wewe twakutaka umlishe uji, ukae naye. Au uji nao una uchi?"

Asubuhi ya tatu nikaaga, nikadai lori la mzigo linanisubiri. Uongo. Harufu ya chumba kile ilinishinda, na kuitwa kila dakika kulinishinda zaidi. Dada aliikunja karatasi ya hospitali yenye tarehe ya kupasuliwa, akaisukuma chini ya godoro la Mama.

"Nenda," alisema. "Sisi tupo."

Mama alifariki mwaka uliofuata. Nikaja kuzika. Niliingia kaburini kumpokea, na watu wakanipa mkono wakisema Mama alijaliwa mtoto. Dada alikuwa ndani ya nyumba, jicho la pili nalo limeshakufa, akipapasa ukuta kutafuta mlango.

Siku hizi nikienda kumwona, nikimshika mkono, anautoa taratibu. "Nimezoea," anasema. Hajanitukana hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Mwanangu, adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya kuuguza anaijua aliye ndani ya chumba. Kwenu yupo mmoja ambaye nyote mmekubaliana kimyakimya kumwachia mgonjwa, kwa kuwa ni mkubwa, au mjane, au hana kazi. Usimpelekee machungwa ukadhani umemaliza. Mwambie atoke, wewe ukae, na siku ulizoahidi uzitimize zote. Wala usikiite haya kile unachojua moyoni kuwa ni uvivu. Mimi niliuita hivyo, nikapewa pole ya mtoto mwema, na pole ile bado inanichoma.

Mungu akupe wepesi wa kuitika unapoitwa na watu wa nyumbani. Akujaalie wazee wako waondoke wakiwa radhi nawe, na aliyewauguza abaki mzima.