Kompyuta Iliyorudi Tupu

Baba yangu alikuwa mnadi wa mitumba. Jumamosi alikuwa mnadani Msalato, siku nyingine sokoni mjini, na sauti yake ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Alipanda juu ya meza ya mbao, shati moja begani na jingine mkononi, akaita mpaka watu waliokuja mnadani kula nyama choma wakajikuta wanajaribu suruali. Nyumbani alikuwa vilevile. Akikuita uko uani, mtaa mzima ulijua unatafutwa.

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa vumbi, tukasema ni vumbi. Mvua zikaja, zikapita, mkwaruzo ukabaki. Alipokubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshakaa kooni. Daktari hakuzungusha maneno. Zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, litatolewa, alisema, na mzee atapumua kwa tundu la shingoni. Atakula, atatembea, ataswali. Hatasema tena.

Wakati huo nilikuwa nasoma chuo kule Chimwaga, na kompyuta ya kusomea alikuwa ameinunua yeye. Siku za kungojea upasuaji nilirudi nyumbani kila vipindi vilipokwisha, nikaiweka mkekani mbele yake, nikawasha kinasa sauti. Mwanzoni aliona haya.

"Sasa niseme nini? Niuze shati?"

Akaliuza kweli, shati ambalo halikuwepo, mpaka mama akashika mbavu kwa kicheko. Kisha akatulia. Akasimulia alivyoteremka kutoka milima ya Kondoa akiwa kijana, bila viatu. Akazungumza Kirangi na bibi yetu aliyekufa zamani, kwa upole, kana kwamba yuko naye mle chumbani. Alimwambia mama maneno ambayo nilitoka nje nisiyasikie. Akawasalimia wajukuu ambao bado hawajazaliwa, akawaonya wasije wakawa wavivu.

Siku ya kumtoa hospitali baada ya upasuaji tulikwenda wote, nyumba ikabaki peke yake. Tuliporudi naye, shingo imezungushiwa bandeji, tulikuta nondo za dirisha zimepindwa. Wezi walikuwa wamechukua televisheni, jiko la gesi na mkoba wangu. Kompyuta ilikuwa ndani ya mkoba, na flashi niliyonakilia zile sauti ilikuwa kwenye mfuko wa mkoba huohuo. Mama alikaa sakafuni. Baba alifungua mdomo kwa nguvu, mishipa ikamtoka kichwani. Alikuwa anapiga kelele. Kilichosikika ni pumzi tu, ikitoka chini ya kidevu. Nadhani ni hapo, si hospitalini, ndipo sisi watatu tulipoelewa daktari alichotuambia.

Tuliripoti polisi, tukarudi kuuguza. Nilikuwa nimeshakata tamaa askari wa upelelezi aliponipigia. Walikuwa wamewakamata watu kwenye nyumba moja upande wa Zuzu, na chumbani mlikuwa mmejaa kompyuta. Nilikwenda mbio.

Zilipangwa juu ya meza ndefu, moja juu ya nyingine kama sahani. Yangu ilikuwa nyeusi. Karibu zote zilikuwa nyeusi.

"Ipi yako?" askari akauliza.

Nikazigeuza. Chini, palipokuwa na karatasi ya namba, wezi walikuwa wamekwangua kwa kisu.

"Nikiwasha nitaitambua, afande."

"Binti, jana watu wawili wamegombea moja hapa, na wote walikuwa wanalia machozi ya kweli. Niletee serial namba. Imeandikwa kwenye boksi ililokuja nalo, au kwenye risiti. Wamekwangua nje tu. Ndani ya mashine bado ipo, na tunajua kuitoa."

Risiti hatukuiona, na duka lilikuwa limeshahama. Boksi, mama akakumbuka, alilibeba shangazi, dada yake baba, alipokuja kututembelea. Alilipenda kwa kuwekea nguo. Kesho yake asubuhi nikapanda basi la Kondoa.

Shangazi alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu?"

"Yupo, anajikokota."

"Alhamdulillahi. Hebu mpigie simu nimsikie kidogo…"

Alikatiza mwenyewe. Akashika upindo wa kanga, akaufunika mdomo, na mimi nikatazama ungo.

Boksi lilikuwa uvunguni. Tulipolivuta, kitako kilibaki sakafuni. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ardhini wakala karatasi, wakala na kitenge chake kipya, udongo mtupu umejaa mikunjoni. Shangazi hakukitazama kitenge. Tuligeuza ubavu mmoja, hamna kitu. Wa pili ulikuwa na karatasi nyeupe, mistari myeusi, na chini yake herufi na tarakimu zimechanganyika. Mchwa walikuwa wamefika karibu yake.

Nikamweleza kwa nini naitaka.

"Kwa hiyo sauti ya kaka yangu imo humu?"

"Haimo humu, shangazi. Hii ndiyo itakayonirudishia mashine ambayo sauti imo."

Akaleta kisu cha jikoni, akakata kipande cha boksi, akiacha nafasi kuizunguka namba. "Usikikunje," akaniambia.

Baba alikataa kubaki nyumbani. Alifunga skafu shingoni, tukaenda kituoni pamoja. Askari alisimama alipomwona. "Shikamoo, mzee." Baba akainua mkono. Askari akangoja, maana mtu husubiri marahaba yake, mpaka nikamwambia, "Haongei, afande." Akaomba radhi, akamletea kiti.

Kijana wao wa kompyuta alianza kuziwasha. Kila moja ilipoamka alibonyeza kitufe haraka, kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe, akasoma namba. Siyo. Siyo. Nilikuwa nimekishika mbele yangu kile kipande cha boksi. Alipofika kwenye moja iliyopasuka kona, alisoma herufi ya kwanza na ya pili, nami nikaanza kufuata kwa kidole. Tulikwenda hivyo, yeye akitaja, mimi nikiitikia, mpaka tarakimu ya mwisho. Baba alisimama. Akanishika bega akalitikisa, anacheka bila mlio.

Kisha kijana akaiacha iwake kabisa. Ikatokea picha ya bahari nisiyoijua. Jina la mtu nisiyemjua. Nikafungua nilipokuwa nimehifadhi sauti, hapakuwa na kitu.

"Wamepiga window upya," kijana akasema taratibu. "Wamefuta kila kitu, wakaweka mfumo mpya. Pole, dada."

Baba alinitazama anisome usoni. Nilishindwa kusema, tukawa mabubu wawili.

Waliponikabidhi, niliipeleka kwa fundi mjini, mtu mwenye programu za kufukua vilivyofutwa. Alikaa nayo siku kadhaa. Alichopata ni picha zilizokatika nusu na faili moja ya sauti. Tuliisikiliza nyumbani, sote watatu. Ilivuma, ikakwaruza, halafu ikasikika sauti yangu mwenyewe: "Baba, uko tayari?" Baada yake ni mvumo mpaka mwisho. Mama akainuka akaenda jikoni. Baba akanyoosha mkono, akaifunga.

Sikutaka kuiona tena kompyuta ile, lakini yeye aliifungua. Hakuwa amesoma sana. Alitafuta herufi kwa kidole kimoja, ameinama, hewa ikipiga mluzi chini ya skafu. Aliandika *maji*. Aliandika *fungeni dirisha*. Siku moja aliandika sentensi ndefu, akanivuta mkono, akaonyesha aliko mama, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Alikuwa anamwomba msamaha kwa kumchosha.

Nikamsomea mama maneno ya mumewe kwa sauti yangu. Mama akamjibu yeye, siyo mimi, akimwangalia: "Sijachoka."

Aliandika hivyo mpaka vidole vilipoanza kutetemeka. Saratani ilikuwa imerudi. Tulimzika Kondoa kabla ya mvua.