Mji Ambao Mama Alitoa Redioni

Bado nina hasira na yule mtangazaji wa vitendawili redioni. Mama alimpigia simu akiwa kwangu Kirotshe, alikofikia baada ya kukimbia vita kwao Mpofi.

"Anapanda kilima bila miguu," mtangazaji akasema.

"Moshi," mama akajibu.

"Hapana, Mama! Iko ukungu. Nipe muji!"

Kwetu anayeshindwa hutoa mji, na mshindi hujigamba alivyoutawala. Moshi nao hupanda kilima, lakini karatasi ya mtangazaji ilisema ukungu. Mimi niliyehamahama maisha yote ningetaja mji wowote. Mama akatoa Mpofi.

"Nimeenda Mpofi," mtangazaji akacheka, "nimekula kuku zao zote, nimelala mu nyumba zao, hakuna muntu wa kunifukuza!"

Nikamnyang'anya mama simu, nikamwambia mtangazaji: "Papa, rudisha muji wa mama yangu!"

"Kaka, iko muchezo tu." Akakata.

"Si ungemupa Kinshasa!" nikamfokea mama, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Kinshasa siko na kitu," akasema. "Nitatoa namna gani kitu haiko yangu?"

Niliwapigia tena watu wa redio, tena na tena, mpaka asubuhi ikaisha. Hawakupokea.